Nyeusi, Hatua 14: Uchambuzi wa Traxler Iliyochezwa Tudor

Tazama kwanza hali ya ubao wa sataranji ilivyokuwa mwisho, katika mchezo wa ufunguzi uitwao Traxler. Malkia wote wawili wameshatoka. Nyeupe ana ngome zake mbili, maaskofu wake wawili na farasi mmoja. Nyeusi ana ngome mbili, askofu mmoja na farasi mmoja. Kwa hesabu ya kete, Nyeupe yuko mbele kwa askofu mzima, na Nyeusi amemzidi askari mmoja tu. Hata hivyo mfalme aliyekufa ni mweupe, katikati ya kete zake mwenyewe, na ilikuwa hatua ya 14.

Mchezo wenyewe ulichezwa katika ukumbi mmoja wa Tudor, mashindano ya mwisho wa wiki yaliyochanganya wanafunzi na watu wazima, kama ilivyo kawaida ya Mombasa ambako wachezaji si wengi kiasi cha kuwatenga kwa umri. Majina nayaacha. Nyeupe alikuwa mtu mzima wa kazi za bandarini, mshambuliaji kweli kweli, ambaye ukumbini kila mtu humwita Ami. Nyeusi alikuwa binti wa kidato cha nne kutoka Majengo, mpole wa maneno, ambaye watu wanaokutana naye mara ya kwanza hudhani atacheza kwa kujihami. Wanakosea sana.

Herufi nitakazotumia ni zile za karatasi za mashindano: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Nyumba hutajwa kwa safu yake, a hadi h, na namba yake, 1 hadi 8 kuanzia upande wa Nyeupe. Alama x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme anashambuliwa, ! ni hatua nzuri, na nukta tatu ni hatua ya Nyeusi.

Hatua za mwanzo hazihitaji maneno mengi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5. Huu ni Ulinzi wa Farasi Wawili, na kwa 4.Ng5 Nyeupe anaelekeza farasi na askofu kwa pamoja kwenye f7, askari ambaye analindwa na mfalme peke yake. Siegbert Tarrasch, bingwa wa zamani wa Kijerumani, aliidharau hatua hii, akaiita ya wanagenzi, kwa kuwa inamsogeza farasi yule yule mara ya pili kabla wenziwe hawajatoka. Dharau hiyo haijawazuia mabingwa wa dunia kuicheza hadi leo. Jibu la kawaida la Nyeusi ni 4...d5, kuziba mshazari wa askofu. Binti hakuziba kitu. Alicheza 4...Bc5.

Asiyeijua hatua hii huona mtu amesahau kwamba f7 inashambuliwa. Ukweli ni kwamba amemwacha mwenzake aile, ili naye ashambulie f2. Jina la ufunguzi huu linatokana na Karel Traxler, padri wa Kicheki, aliyemshinda nao Reinisch kule Hostouň mwaka 1890. Katika mchezo ule mfalme mweupe aliburutwa kutoka e1 hadi b4, akala askari njiani, na mwisho akauawa na askari wa c5. Wamarekani wengine huuita Wilkes-Barre, kwa jina la mji wa Pennsylvania. Maoni yangu juu ya ufunguzi huu si ya kuusifu tu: kompyuta haiupendi, na Nyeupe mwenye maandalizi hutoka na faida. Lakini katika ukumbi wa mashindano ya mwisho wa wiki, saa ikienda, mwenye maandalizi humpata mara ngapi?

Ami hakuwa nayo. Alikula mara moja: 5.Nxf7. Farasi sasa anamshika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuitamani hali hiyo. Si kosa la kupoteza mchezo. Kilichopo ni kwamba kuanzia hapo Nyeupe lazima ajue anachokifanya kila hatua, na Nyeusi akijua zaidi yake, ameingia mkenge.

5...Bxf2+ 6.Kxf2. Reinisch alimkwepa askofu huyu kwa 6.Ke2 na ndipo alipoanza kuburutwa. Ami alimla, ambayo ni sawa. 6...Nxe4+ 7.Kg1. Hapa pana njia panda ya kwanza ya maana. Wanaotaka ushindi siku hizi humpeleka mfalme mbele, 7.Ke3, hatua ambayo mkono wa mtu mzima unakataa kabisa kuifanya. Kurudi g1 kunaonekana ni akili: mfalme amejificha nyuma ya askari wa g2 na h2. Lakini tazama alipojificha. Kulia kwake kuna ngome ya h1 ambayo haitatoka leo. Mbele yake kuna askari wake wawili. Kilichobaki ni f1 na f2 basi, na nyumba hizo mbili ndizo zitakazopiganiwa mpaka mwisho wa mchezo. Ukilishika hilo, yanayofuata yote yanaeleweka.

7...Qh4. Malkia anaondoka kwenye mdomo wa farasi na papo hapo anatishia Qf2, mati, yaani mfalme amebanwa na mchezo umekwisha, kwa sababu farasi wa e4 anamlinda pale. Ngome ya h8 ameiacha iliwe akitaka. Huna muda wa kula ngome ukiwa unakufa hatua inayofuata.

Njia iliyotembelewa zaidi hapa ni 8.g3, kumsumbua malkia. Nyeusi hujibu 8...Nxg3, na baada ya 9.hxg3 Qxg3+ 10.Kf1 Rf8 11.Qh5 d5 vita ni vikali na hakuna anayeweza kulala. Ami alicheza 8.Qf1.

Kwa macho, 8.Qf1 ni hatua safi. Inailinda f2, inamuunga mkono farasi wa f7 kwenye mstari huo huo wa f, na haimlegezi askari yeyote mbele ya mfalme. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza na nilimwona Ami akiandika hatua yake kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeridhika. Binti akajibu 8...Rf8, na hali ikageuka.

Ngome imehama h8 ambako ilikuwa inaliwa, imekwenda kukaa mkabala na malkia mweupe. Kati yao yuko farasi wa f7 peke yake. Nyeusi hawezi kumla bado, kwani askofu wa c4 anamlinda. Ila farasi naye hawezi kwenda popote pasipo gharama: akiondoka bila kupiga cheki, kwa mfano 9.Nxe5, basi Rxf1+ na malkia amekwenda. Farasi aliyekuja kula wawili amegeuka kuwa ukuta wa malkia wake.

9.d3. Hii ndiyo hatua ninayotaka tukae nayo.

Kila mwalimu wa sataranji, mimi nikiwamo, hufundisha hatua za namna hii. Inamshambulia farasi wa e4. Inafungua mshazari wa askofu wa c1. Inaimarisha katikati. Ungemwamsha mchezaji yeyote wa klabu usiku wa manane ukamwonyesha ubao huu, angekwambia d3 kabla hajasugua macho. Na ndiyo inayomwua mfalme, mara mbili: mara moja katika mchezo uliochezwa, na mara nyingine katika ule ambao ungechezwa kama Ami angechagua vingine hatua ya 11. Sababu ni moja. Askofu wa c4 alikuwa na mshazari wa kurudi nyumbani, d3, e2, f1. Askari alipokanyaga d3, mshazari huo ulizibwa. Tangu hapo, jambo lolote linalotokea kwenye e2 au f1, askofu analitazama kutoka c4 kama jirani aliyefungiwa ndani na ufunguo uko nje.

Sidai kwamba hatua nyingine ingemwokoa. Nyeusi alikuwa na mashambulizi mazuri kwa vyovyote. Ninachosema ni kwamba mati tutakayoiona haiwezekani bila askari yule kusimama pale.

9...Nd6. Farasi anarudi nyuma kwa kitisho, akiwashika farasi wa f7 na askofu wa c4 pamoja. Hapo Ami alinyoosha mkono akamshika farasi wake wa f7 bila hata kuketi vizuri. Sheria ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, inajulikana: ukigusa kete yako na ina hatua halali, unaicheza. Na farasi yule alikuwa na hatua moja tu isiyompoteza malkia papo hapo, nayo ni 10.Nxd6+.

Kama asingegusa, ningependa kuona 10.Bg5, askofu akimwendea malkia. Nyeusi hujibu 10...Qd4+ na baada ya 11.Qf2 Rxf7! Nyeupe ana kazi. Akila 12.Qxd4 Nxd4, kuna kitisho cha Ne2 mati, ile ile ya mchezo wetu. Ikabidi 13.Bxf7+ Nxf7, na farasi wawili weusi wanamshika askofu wa g5 na askari wa c2 kwa wakati mmoja. Nyeusi yuko vizuri, ila kuna mchezo wa kucheza.

10.Nxd6+ cxd6. Nyeupe amekula farasi kwa cheki, na kwenye karatasi yuko mbele. Lakini ukuta umeondoka. Mstari wa f uko wazi toka f8 hadi f1 na malkia mweupe anaangaliana na ngome uso kwa uso. Zamu ni yake. Aende wapi?

Tukague, maana hapa ndipo watazamaji walianza kusogea karibu. 11.Qd1 inaachia f2, na Qf2 ni mati. 11.Qe1 inaliwa, Qxe1, na hiyo pia ni mati, kwa kuwa hakuna kete ya kuziba f1. Askofu wa c4 yuko nyuma ya d3. 11.Qf3 inaliwa na ngome. Zimebaki mbili: kubadilisha malkia kwa ngome, 11.Qxf8+, au 11.Qe2. Ami alichagua ya pili, na nadhani watu tisa kati ya kumi wangefanya hivyo, kwani nani humtoa malkia wake akiwa anaongoza?

11...Nd4. Farasi wa c6, aliyekaa kimya tangu hatua ya pili, anaingia akimgusa malkia. Ukaguzi ule ule unarudi, na safari hii nyumba zimepungua. Qd1 ni mati kwenye f2. Qe1 ni mati kwenye e1. Qe4, kumwangalia malkia mweusi ubavuni, ni mati kwenye f2 vile vile, kwani ngome ya f8 inamlinda malkia pale. Qe3 inailinda f2, lakini Nxc2 inamshika malkia na ngome ya a1. Basi 12.Qd2, malkia akiilinda f2 kwa mbali kupitia mstari wa pili.

Hapo binti alikaa. Alikuwa amecheza hatua zote za nyuma haraka, nyingine bila shaka kwa kukumbuka, lakini sasa aliweka mikono chini ya mapaja, akatazama ubao mpaka Ami akaanza kuangalia saa yake badala ya kete. Feni la ukumbini lilikuwa linapeperusha karatasi za meza ya pili na mtu akazikandamiza kwa chupa ya maji.

Hatua inayojileta yenyewe ni 12...Nf3+, cheki inayomgusa malkia wa d2. Kasoro yake ni kwamba askari wa g2 anamla farasi. Hatua nyingine inayojileta ni 12...Ne2+, nayo malkia anamla. Kila cheki iliyopo inajibiwa. Mchezaji wa kawaida huchagua ile inayomfurahisha zaidi na kuomba Mungu. Binti alicheza hatua isiyo cheki kabisa: 12...Qg4!

Malkia amesogea nyumba moja. Sasa yuko kwenye mstari wa g, na kati yake na mfalme mweupe yupo askari wa g2 peke yake. Askari huyo amefungwa. Akila chochote kwenye f3, mfalme wake yuko wazi kwa malkia, na hiyo hairuhusiwi. Kwa hiyo Nf3+ iliyokuwa haifai hatua moja nyuma, sasa inampoteza malkia mweupe. Na Ne2+ nayo imekuwa kitisho: malkia wa d2 akila e2, malkia wa g4 anamla yeye kwa mshazari. Vitisho viwili kwa hatua moja tulivu, na mfalme hawezi kuhama, kwani f1 na f2 ziko mikononi mwa ngome.

Majibu yote ni ya kujaribu tu. 13.h3, kumfukuza malkia, inajibiwa 13...Nf3+ na Nyeupe hawezi kula malkia kwa sababu yumo kwenye cheki, 14.Kf2 (farasi wa f3 sasa ameiziba ngome) Nxd2+ na cheki nyingine inatoka kwa ngome. 13.Qe3 inapoteza malkia kwa 13...Ne2+ 14.Qxe2 Qxe2. Ami aliona vizuri kwamba malkia wake hana maisha pale d2, akatafuta njia ya kuwatoa malkia wote wawili: 13.Qg5.

Ni wazo la mtu anayejua kuhesabu. Nyeupe yuko mbele kwa kete. Malkia wakitoka, mashambulizi yamekwisha, na askofu wa ziada atafanya kazi. Hesabu yake ilikuwa sahihi mpaka hatua ya mwisho. 13...Qxg5 14.Bxg5, askofu wa c1 akatoka nyumbani kwa mara ya kwanza, na binti akamweka farasi e2.

14...Ne2, mati. Mfalme hawezi kwenda f1 wala f2 kwa ajili ya ngome ya f8. h1 ina ngome yake, g2 na h2 zina askari wake. Nani amle farasi wa e2? Askofu wa c4 anaelekea huko moja kwa moja, nyumba mbili tu, na katikati yao yuko askari wa d3.

Ami aliuangalia ubao, akaweka kidole juu ya d3, akacheka kwa sauti iliyomfanya mwamuzi ageuke. Walipeana mikono. Kisha, kama ilivyo desturi nzuri, wakabeba ubao nje kwenye kibaraza kuupitia.

"Mwanangu, hiyo malkia g4 uliisoma wapi?"

"Hiyo sikuisoma, ami. Nilitaka farasi f3, nikaona g2 anamla. Basi nikamfunga kwanza."

"Na mimi ningekula ngome? Pale malkia wangu alipobanwa?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote, na walikaa nalo. 11.Qxf8+ Kxf8. Nyeupe amemtoa malkia akapata ngome, na bado ana maaskofu wote wawili na ngome zote mbili. Si mwisho wa dunia. Ami aliweka hapo hapo 12.Be3, askofu akitoka vizuri na kuzuia cheki ya d4. Binti hakusema neno, alisogeza malkia hadi e1. Mati tena. Be3 inaitazama f2, lakini kinachohitajika ni kitu cha kuziba f1, na mzibaji wa f1 yuko nyuma ya d3. Huo ndio ule mchezo wa pili niliousema, ambao askari yule yule angeumaliza hatua ya 12.

Wakajaribu 12.Bd2, inayoilinda e1. Inajibiwa 12...Qd4+ na Nyeupe ana hatua mbili tu za halali. 13.Be3 haifai: 13...Qxb2, na ngome ya a1 haina pa kukimbilia kwa kuwa farasi wa b1 hajawahi kuhama. 13.Kf1 ndiyo ya kuvumilia nayo, na hapo Nyeusi bado ana malkia, mfalme mweupe yuko nje, na askari wa b2 anangojea kuliwa. Nyeusi anashinda, nadhani, lakini angetakiwa kufanya kazi mpaka jioni.

Kuhusu ufunguzi wenyewe, Ami aliuliza acheze nini akikutana nao tena, na hapo mimi na binti hatukukubaliana. Yeye alimshauri arudie 5.Nxf7 na safari hii aende 7.Ke3, kwa kuwa anaijua tabia ya Ami na anaamini mtu acheze kinachofanana naye. Mimi nasema 5.Bxf7+, kula kwa askofu badala ya farasi. Baada ya 5...Ke7 6.Bb3 Nyeupe ana askari wa ziada, mfalme mweusi amekosa nafasi ya kujificha ngomeni, na askofu amekwisharudi nyuma salama. Viswanathan Anand, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliipita njia hiyo ya 5.Bxf7+ dhidi ya Alexander Beliavsky kule Linares mwaka 1991, akashinda. Ami alisikiliza pande zote mbili, akasema kwamba raundi inayofuata akipewa Nyeupe atafungua kwa d4.